Kizibo, Mrija na Hataza: Shajara ya Kichujio Chetu cha Floraidi

Maandishi ya kabla ya Januari 2025 yalikaa katika daftari la maabara lenye kurasa zilizotiwa nambari na sahihi mbili chini ya kila ukurasa, na hayakuonyeshwa mtu yeyote wa nje ya kikundi chetu. Sababu itaeleweka katika sehemu ya Machi 2023. Nimeyanakili yalivyo, ila nimefupisha kazi za kawaida ambazo kila mwenye karakana anazijua.

14 Februari 2022

Visima virefu vingi vya Nairobi na viunga vyake vimechimbwa katika miamba ya volkeno, na maji yake hubeba floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Kisima tulichokichagua kilipima 5.8, na meno ya watoto wanaokunywa maji yake yana madoa ya kahawia yasiyosafishika kwa mswaki.

Mkaa wa mifupa huondoa floraidi vizuri, na jambo hilo limejulikana kwa miongo mingi, kwa hiyo hapo hatuna la kuvumbua. Udhaifu wa mkaa huo ni kwamba huchoka kimyakimya. Floraidi haina rangi, ladha wala harufu, na mwenye nyumba hana namna ya kuijua siku ambayo kichujio chake kiliacha kufanya kazi. Tunataka kifaa kisichohitaji umeme wala betri, kitakachohesabu lita zinazopita na kuziba njia ya maji mkaa unapochoka.

Mifupa tumeipata katika machinjio ya Dagoretti. Ni ya ng'ombe tu, na tumeandika hivyo ubavuni mwa kila ndoo, kwa kuwa swali la kwanza la kila nyumba tuliyobisha hodi lilikuwa ni mifupa ya mnyama gani. Mkupuo wa kwanza tuliuchoma kwa nyuzi 700, mifupa ikatoka myeupe kama chokaa na haikuondoa floraidi ya maana. Wa pili haukuiva, nao ulitoa maji ya manjano yenye harufu ambayo hata paka wa karakana aliyakataa. Mkupuo wa tatu, uliochomwa kwa nyuzi 450 katika pipa lililofunikwa ili hewa isiingie, ulitoka mweusi tititi, na huo ndio tunaoutumia. Kila kichujio kinachukua kilo 3.

9 Mei 2022

Kihesabio cha kwanza kimekamilika na kimeharibika. Kina kikombe cha vyumba viwili kinachobembea juu ya ekseli: chumba kimoja kikijaa lita moja, kikombe huinama na kumwaga, na chumba cha pili hukaa mahali pake chini ya mkondo. Kila kuinama husukuma jino moja la gurudumu lenye meno 40, na kila mzunguko mzima wa gurudumu hilo husukuma jino moja la gurudumu la pili lenye meno 25. Arubaini mara ishirini na tano ni elfu moja, na ikifika lita ya elfu moja gurudumu la pili huachia kizibo. Mwanafunzi wetu wa uzamili alijivunia kikombe hicho kwa siku mbili, hadi aliposoma kwamba Christopher Wren alikwisha kubuni kikombe cha namna hiyo cha kupimia mvua huko Uingereza katika karne ya 17.

Magurudumu tuliyachapa kwa printa ya pande tatu kwa plastiki ya PLA, kwa shilingi 2,800 kila jozi. Kichujio kilipokaa chini ya paa la mabati mchana mmoja wa jua kali, meno yalilegea na kupinda, kizuizi kikawa kinateleza juu yake. PLA hulainika karibu na nyuzi 60, na hilo tulipaswa kulikumbuka kabla ya kulipa. Fundi wetu alikwenda Gikomba akanunua vibao vya plastiki vya kukatia mboga, akavikata kwa mashine katika karakana moja ya Kariobangi. Jozi moja sasa inagharimu shilingi 600, na baada ya mizunguko 5,000 hatujaona jino lililolika.

22 Agosti 2022

Karakana ilifungwa wakati wa uchaguzi, kwa hiyo mwezi huu umekuwa mfupi. Hata hivyo ndio mwezi tulioligundua kosa ambalo lingeweza kudhuru watu.

Kihesabio tulikuwa tumekiweka juu, pale maji yanapomiminwa kutoka mtungini. Tulimimina lita 100, gurudumu likahesabu 83. Kikombe kinapoinama, maji hayasubiri; yanayomiminika katika nukta hiyo hupita bila kuhesabiwa, na mkondo ukiwa mkali ndivyo yanavyozidi kupotea. Wapima mvua wanalijua tatizo hili siku za mvua kubwa. Kwetu lilikuwa na maana kwamba kichujio kingeruhusu lita mia mbili zaidi ya kiasi tulichokusudia, na familia ingeendelea kuyaamini maji yaliyokwisha kuwa mabaya. Tumekihamishia kihesabio chini, baada ya mkaa, ambako maji hutoka kupitia tundu la milimita 2 kwa mwendo wa takriban lita 13 kwa saa. Kikombe sasa huinama mara moja kila dakika nne au tano, na katika lita 100 tumepata hesabu ya 99.

Kosa la pili lilikuwa la maabara. Kwa wiki tatu tulipima floraidi kwa elektrodi, kijiti cha kupimia kinachochomekwa majini, bila kuongeza mmumunyo wa kusawazisha ioni, na vipimo vyote vikatoka chini kuliko ukweli, kwa kuwa sehemu ya floraidi ilikuwa imeshikana na metali zilizomo majini na elektrodi haikuiona. Vipimo vya wiki hizo tumevifuta kwa mstari mmoja wa kalamu, si kwa kuchana ukurasa, kama daftari la maabara linavyotaka.

17 Novemba 2022

Vichujio vitatu vimekaa katika nyumba tatu kwa miezi miwili. Cha kwanza kilifika lita ya elfu moja tarehe 9, kizibo kikaanguka kama kilivyotakiwa, nasi tukapeana mikono karakanani. Tulipokwenda kubadilisha mkaa siku nne baadaye, tulikuta kizibo kimeinuliwa na kufungwa kwa mpira wa kufungia sukumawiki, na maji yanatiririka kama kawaida.

Mama mwenye nyumba hakuona haya, wala hakuwa na sababu ya kuona haya. Kichujio kilifunga saa moja jioni, siku ya Jumatano, na sisi hatukuwa tumemwachia mkaa wa akiba wala maji mengine. "Mwalimu," aliniambia, "watoto hawanywi hesabu."

Nyumba ya pili ilifanya vivyo hivyo, ila kwa kijiti. Ya tatu ilirudi kunywa maji ya kisima moja kwa moja, jambo lililo baya zaidi. Kifaa kinachofanya kazi kikamilifu mezani na kulazimisha watu wakivunje nyumbani hakijafanya kazi, na usiku ule niliandika katika pambizo ya daftari kwamba mradi umekwisha.

3 Februari 2023

Mradi haukwisha. Mwanafunzi alipendekeza kwamba kichujio kisifunge kabisa, bali kipunguze: mkaa unapokaribia kuchoka, maji yaendelee kudondoka polepole, kiasi cha kunywa tu, ili nyumba isikauke lakini isisahau pia kwamba mkaa unangojewa. Lengo letu lilikuwa lita 10 kwa siku, yaani takriban lita 0.4 kwa saa.

Jaribio la kwanza lilikuwa tundu dogo. Kwa kimo cha maji cha sentimita 20, tundu la kutoa mwendo huo linapaswa kuwa na upana wa kama theluthi moja ya milimita, na vumbi la mkaa lililiziba kabla ya siku mbili kwisha. Tulijaribu kitambaa cha kuchuja, kikaziba chenyewe. Tulijaribu utambi wa taa, ukafanya kazi vizuri kwa wiki moja kisha ukaota ukungu.

Fundi, aliyekuwa akitusikiliza huku akinoa patasi, alisema kwamba maji hucheleweshwa na njia ndefu kama yanavyocheleweshwa na njia nyembamba, kwa hiyo tuache kutafuta tundu dogo tutafute mrija mrefu. Tulikokotoa, tukaona kwamba mrija wenye uwazi wa milimita 1, mpana wa kutosha kupitisha vumbi, ukiwa na urefu wa sentimita 45, hutoa karibu kabisa na lita 0.4 kwa saa kwa kimo kile kile. Tuliukunja kuwa kitanzi, tukauweka sambamba na tundu kuu, ukabaki wazi wakati wote. Kizibo kikianguka, huziba tundu kuu tu. Mrija wenyewe unagharimu shilingi 40.

Jambo tusilolitarajia lilionekana katika vipimo. Kwenye lita ya 1,000 maji yalikuwa yakitoka na floraidi ya 1.4, yaani karibu na kikomo. Mara kizibo kilipoanguka na mwendo kupungua, floraidi ilishuka hadi 0.6, na haikuvuka 1.5 mpaka lita nyingine 140 zilipopita. Maelezo yake si magumu: maji yanayopita polepole zaidi ya mara thelathini hukaa na mkaa kwa muda mrefu zaidi, na mkaa uliokuwa umekata tamaa mbele ya mkondo wa kasi bado una nafasi ndani ya chembe zake ambazo floraidi huzifikia ikipewa muda. Kwa hiyo zile wiki mbili za kudondoka hazimpi mwenye nyumba maji ya kubahatisha, bali maji salama kuliko ya siku iliyotangulia. Tumerudia jaribio mara tatu kwa mikupuo mitatu ya mkaa.

20 Machi 2023

Hili ni kosa langu, nami naliandika kwa urefu.

Tarehe 8 mwezi huu tulipeleka kichujio kwenye maonyesho ya wazi ya chuo. Tuliweka bango lenye mchoro wa kihesabio uliokatwa ubavu, tukakiendesha mbele ya watu, na wageni wakakipiga picha na video kwa simu zao. Siku tisa baadaye, mwenzetu wa idara nyingine aliniuliza kama tulikuwa tumewasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wetu. Nilimjibu kwamba tungefanya hivyo matokeo yakishachapishwa. Alinitazama kwa huruma.

Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni mvumbuzi mwenyewe. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 ina huruma kidogo, kwa kuwa inasamehe ufichuzi uliofanywa na mwombaji katika miezi 12 kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Marekani nayo ina mwaka mmoja. Ulaya haina msamaha wa namna hiyo, na mlango wa huko tumejifungia wenyewe kwa bango la shilingi 1,500.

Makosa haya yana ukoo mkubwa. Mwaka 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha makala kuhusu namna ya kuunganisha jeni, na Chuo Kikuu cha Stanford kiliwasilisha ombi mwezi wa Novemba 1974, ikiwa imebaki takriban wiki moja mwaka wa msamaha uishe. Hataza waliipata Marekani mwaka 1980, nayo ikaviingizia vyuo vyao mamilioni ya dola, lakini nje ya Marekani haki zilikuwa zimekwisha kupotea kwa sababu ya makala ile.

Kilichotuokoa ni aibu. Mrija uliokunjwa ulikuwa umeshikiliwa kwa gundi na uzi, na sura yake haikutupendeza, kwa hiyo asubuhi ya maonyesho tuliufunika kwa kifuniko cheusi na hatukuuchora katika bango. Kihesabio na kizibo vimefichuliwa; mrija, na sababu ya kuwepo kwake, havikufichuliwa. Tumeomba pia tasnifu ya mwanafunzi izuiliwe isiwekwe katika hazina ya mtandaoni ya maktaba kwa mwaka mmoja, kwa kuwa tasnifu inayosomeka na yeyote ni ufichuzi kama bango.

11 Mei 2023

Upekuzi wa maarifa yaliyotangulia umechukua wiki tano, na haukugharimu chochote ila muda, kwa kuwa Espacenet na Patentscope, hifadhi za mtandaoni za hati za hataza, ziko wazi kwa kila mtu. Wiki mbili za kwanza tulizipoteza kwa kutafuta kwa maneno. Wanasheria wa hataza hawaandiki "kichujio" wakiweza kuandika "chombo cha kutenganisha", na maneno yetu yalileta maelfu ya hati zisizohusika. Tulipoanza kutafuta kwa alama za uainishaji, hasa C02F 1/28 inayohusu kusafisha maji kwa kufyonza uchafu, pamoja na 101/14 inayohusu floraidi, hati zilibaki mia chache zinazosomeka. Vichujio vinavyojifunga baada ya lita maalumu ni vingi, na India vimeuzwa madukani kwa miaka. Kama tungeomba hataza ya kihesabio na kizibo peke yake, tungekataliwa, na kwa haki. Hatukupata kilichopunguza mwendo ili mkaa uliochoka utumike tena.

Swali la wavumbuzi ni nani liliumiza zaidi. Orodha ya kwanza ilikuwa na majina sita, likiwemo la mkubwa mmoja wa idara aliyewekwa kwa heshima. Wakala wetu wa hataza alitueleza kwamba mvumbuzi ni aliyechangia wazo la uvumbuzi. Kutoa chumba, fedha au baraka hakumfanyi mtu kuwa mvumbuzi, na jina la ziada linaweza kuiponza hataza sawasawa na jina lililoachwa. Majina matatu yaliondoka, jina moja likaingia: la fundi. Yeye alidhani tunamtania. Karatasi zote za miaka miwili zilikuwa zimemtaja kama "msaada wa karakana", ilhali bila kauli yake kuhusu njia ndefu tusingekuwa na chochote cha kuwasilisha.

Kwa sheria, uvumbuzi uliofanywa kazini ni wa mwajiri, na mimi na fundi tumeajiriwa na chuo. Mwanafunzi hajaajiriwa, bali analipa karo. Ilibidi asaini hati ya kuhamisha haki zake kwa chuo, naye akaahidiwa fungu sawa na letu katika mapato yoyote. Nilimshauri aisome na mtu asiye mwalimu wake kabla ya kusaini, akafanya hivyo, na vifungu viwili vikabadilika.

Tulibishana pia kama tuombe hataza kabisa. Fundi alikumbusha jiko la udongo na bati lililoenea kutoka miaka ya 1980, lililotokana na jiko la Thailand, ambalo mafundi wa Kamukunji walilinakili bila kuzuiwa na mtu, na ndiyo maana liko katika nyumba nyingi za mji huu. Hoja hiyo ni nzito. Kilichonishawishi upande wa pili ni kwamba mrija wa urefu usio sahihi unaua faida yote, na tulitaka sauti juu ya nani anauza kifaa kwa jina la usalama. Tena haki za hataza nchini Kenya zinahusu shughuli za viwanda na biashara. Anayejitengenezea nyumbani kwake, au anayefanya utafiti, hana haja ya kutuomba ruhusa.

28 Julai 2023

Tumewasilisha ombi katika KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayotoa hataza, South C. Ada ya kuwasilisha haikufikia hata bei ya mapipa tuliyochomea mifupa. Kilichotugharimu ni wakala, shilingi 85,000 kwa kuandika maelezo na madai, baada ya rasimu yetu kurudi ikiwa na wino mwekundu kila aya. Tulikuwa tumeandika kama watu wa jarida: tunaeleza tulichofanya. Madai ya hataza hueleza mpaka wa shamba, si mavuno yake. Mahali tulipoandika "mrija wa sentimita 45", yeye aliandika njia nyembamba yenye urefu unaozidi upana wake kwa kiwango fulani, ili mtu asije akatumia sentimita 50 na kutucheka.

Sasa tuna miezi 12 ya kipaumbele chini ya Mkataba wa Paris wa mali ya viwandani, yaani ya kuomba kwingine huku tukihesabiwa tarehe ya ombi la kwanza. Tanzania inatuvutia, kwa kuwa floraidi ya Arusha inajulikana, na ombi moja kupitia ARIPO, shirika la mali ubunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, lingeweza kuitaja.

31 Januari 2025

Miezi 18 imetimia, na ombi linaingia katika hatua ya kuchapishwa. Kuanzia leo shajara hii inaweza kusomwa na yeyote.

Kwa ARIPO hatukuomba. Fedha zilizotengwa zilielekezwa kwingine chuoni, na muda wa kipaumbele ukapita tukiwa bado tunasubiri sahihi. Anayefuata nyayo zetu aombe fedha hizo siku anayowasilisha ombi la kwanza, asingoje mpaka mwezi wa kumi baada ya hapo.

18 Septemba 2025

Ripoti ya mkaguzi wa KIPI imefika. Dai la saba, tulilolisisitiza wenyewe kinyume cha ushauri wa wakala, lilihusu njia ya kukinga watoto na madoa ya meno kwa kunywa maji hayo. Mkaguzi amelitoa bila maneno mengi, kwa kuwa njia za kutibu mwili wa binadamu hazipewi hataza, na hatukubishana. Dai la kwanza amelipinga kwa kukosa hatua ya ubunifu, yaani kwamba ni jambo ambalo mtaalamu yeyote angelifikia kwa urahisi, akitaja kichujio cha zamani chenye njia ya pembeni. Tumejibu kwamba njia ile huyakwepesha maji yasipite katika mkaa, na yetu huyapitisha polepole zaidi katika mkaa ule ule, tukaambatisha vipimo vya majaribio matatu ya Februari 2023. Kama jibu halitatosha, tutaomba ombi libadilishwe kuwa la modeli ya matumizi, ambayo haidai hatua ya ubunifu, ingawa ulinzi wake ni wa miaka 10 badala ya 20.

Hadi leo tumetumia shilingi 214,300, na zaidi ya nusu ni karatasi.

Nyumba ya mama wa mpira wa sukumawiki iko katika mzunguko wake wa saba wa mkaa, na hajainua kizibo tangu tulipomletea mrija. Wiki iliyopita alipiga simu kwamba maji yanatoka kwa kasi hata baada ya kizibo kuanguka. Panya walikuwa wameutafuna mrija. Tumeuingiza katika bomba la chuma la shilingi 120, na fundi anataka kujua kama hilo nalo tuliandikie dai.